Dada Yangu na Neno Watan

Dada yangu Léocadie alifariki Jumapili ya tarehe tisa Machi 2014, asubuhi, sisi tukiwa kanisani Rosettenville, Johannesburg, tunaimba. Figo zilikuwa zimemchosha kwa miezi mingi. Mimi ni shemasi, nimesimama kwenye makaburi ya watu wengi nikasali bila kutetereka, lakini kwa huyu sala ilinishinda na mchungaji akaimalizia yeye. Namshukuru Mungu kwamba sasa hana maumivu.

Msibani watu walimsema vizuri. Walisema alikuwa mkarimu, mama wa sala, aliyemlea binti yake Belyse peke yake. Yote ni kweli. Ila hakuna aliyesimama kuitaja kazi yake, na mimi niliyepaswa kuitaja nilikuwa nalia. Kwa hiyo naitaja hapa. Dada yangu alikuwa mfasiri wa filamu za Kihindi, na Jumamosi moja ya mwezi wa saba 2013, katika ukumbi wa chuo kikuu kule Braamfontein, alishinda mbele ya watu mia mbili. Nilikuwepo.

Kihindi alikiokota Bujumbura. Alikuwa na miaka kumi na mitano alipoanza kulea watoto wa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi karibu na soko kuu. Mama mwenye nyumba hakuwa mtu wa kutoka. Kila alasiri watoto wakilala aliweka kanda kwenye video, akamwita dada akae naye, wamenye vitunguu huku wakitazama. Alimweleza kwa Kiswahili chake cha jikoni: "Huyu mbaya. Huyu baba yake. Huyu nalia sababu Mwingereza nachukua shamba." Baada ya miaka mitatu ya vitunguu na filamu, dada alikuwa akiyaelewa maneno kabla hayajaelezwa.

Katika filamu za kupigania uhuru kulikuwa na neno moja ambalo shujaa alilitaja kila alipokaribia kufa. Neno hilo ni watan. Dada akauliza maana yake. Mama yule akafikiri kidogo, akajigonga kifuani: "Watan, watu yangu. Watu ya kwetu."

Mwaka 1993 vita vilitutoa Burundi tukaangukia Kigoma. Huko mzee jirani yetu alifariki, wakaja watani wake wa kabila jingine. Sisi wageni tulishangaa. Walimtukana marehemu. Mmoja alilala mlangoni ili jeneza lisipite, mwingine akavaa viatu vya marehemu na kutembea navyo uani kwa maringo. Na ndio hao hao waliochimba kaburi, wakateka maji, wakapika. Dada alinishika mkono kwa nguvu.

"Placide, ndiyo hii! Ndiyo watan ya kwenye filamu! Watu unaotukanana nao halafu wanakuzika."

Tangu siku ile hakuwa na shaka tena na neno hilo.

Johannesburg tulifika baadaye, tukakaa Jeppestown. Mei 2008 tulitoka pale kila mtu na begi moja. Vijana walikuwa wakiwasaka wageni, wakisimamisha watu barabarani na kuwauliza kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu. Dada, aliyekuwa akiuza nyanya pamoja na akina mama wa Kizulu, akajibu "indololwane" bila kusita, na jibu lake likatupitisha sote watatu, yeye, Belyse na mimi. Tukapata chumba mtaa wa La Rochelle, humo humo jijini. Mwaka uliofuata fundi Bakiri, mshonaji Mwislamu kutoka Buyenzi ya Bujumbura, alimpa dada nafasi nyuma ya cherehani zake kila Jumamosi alasiri, aonyeshe filamu na kuwafasiria watu wetu: Warundi, Wakongo, Watanzania, na Wakenya wawili watatu.

Kiti chake kilikuwa pembeni ya televisheni. Alipunguza sauti ya filamu, akawa yeye ndiye kila mtu. Baba wa bibi harusi alikohoa kama mchungaji wetu. Polisi walipewa sauti ya ofisa wa makaratasi ya wakimbizi anapokuambia urudi Alhamisi.

Na kabla ya yote alitaka tujue tuko mwaka gani.

"Tazameni kaptula za polisi," alisema. "Kaptula ni ya Mwingereza, aliyeivaa ni Mhindi. Maana yake uhuru umeshapatikana na mnyonge bado anapigwa."

Hivyo ndivyo alivyoijua historia ya India, kwa macho, bila kitabu. Alituonyesha kwamba katika filamu za zamani adui alikuwa mwenye mashamba, katika zile za ujana wetu adui alikuwa waziri na mkuu wa polisi, na katika mpya shujaa anaishi London na anarudi nyumbani kwa ajili ya harusi tu. "Maskini wamekwenda wapi?" aliuliza. "Jana walijaa filamu nzima, leo hata wa kufagia hayupo. Nani amewatoa?" Watu walibishana hadi filamu ikasimamishwa.

Bakiri alikuwa na lalamiko lake. Kila alipotokea rafiki wa shujaa mwenye kofia ya Kiislamu, alipiga makofi. "Ndugu yangu huyo! Muagane naye kabisa, hamalizi filamu." Na kweli, karibu kila mara ndugu huyo alikufa akimkinga shujaa na risasi. "Wanatupenda tukishakufa," Bakiri alisema.

Dada hakumbishia. "Fundi amesema kweli. Nchi ile inawaweka kwenye filamu ili wafe vizuri. Na nyinyi mnaocheka, jiulizeni kwenye nchi zetu nani anawekwa hivyo."

Lakini kilichowaleta watu ni kifo cha shujaa. Dada aliinua mkono, akatoa sauti ya kukata roho: "Enyi watani zangu, nakufa kwa ajili yenu!"

Chumba kizima kilijibu. "Kufa tukuzike!"

"Viatu ni vyangu!" alipiga kelele Orpha, msusi kutoka Bukavu.

"Chukua viatu, mimi nataka farasi!"

"Na mkewe je?"

"Mke aachwe alie kwanza, mshenzi wewe!"

Miaka minne ilipita hivyo. Mimi mwenyewe, shemasi, niliwahi kudai farasi.

Mei 2013 Emery, Mkongo wa Uvira aliyekuwa akisomea shahada ya pili kule Braamfontein, alimleta mhadhiri wake, Dokta Govindsamy, mama wa makamo mzaliwa wa Durban. Alikuwa akiandaa maonyesho ya filamu sita kuhusu jinsi India ilivyozaliwa na kugawanywa, na alitaka wakazi wa jiji wazisikie kwa lugha zao. Kwa Kiswahili, wenzake wa kamati walikuwa na mwalimu mmoja mwenye shahada. Emery alimsihi aje amsikie dada kwanza.

Dokta alikaa kati yetu, Emery akimnong'oneza kwa Kiingereza. Alicheka tulipocheka. Kisha shujaa akafa, watu wakagombea viatu, naye akageuka huku na huku.

"Kwa nini wanashangilia?"

Emery akaeleza. Dokta akatikisa kichwa polepole. "Lakini watan siyo hivyo. Watan ni nchi. Nchi ya mtu, alikozaliwa."

Dada alisimamisha filamu. "Anasemaje?"

"Eish, tantine." Emery, aliyezoea kumwita dada shangazi kwa Kifaransa, alitazama viatu vyake. "Anasema ni nchi."

Tukamgeukia Bakiri, sijui kwa nini. Labda kwa sababu yeye peke yake hakuwa ameshangaa.

"Ni nchi, Mama Belyse," alisema. "Hata kwa Kiarabu ni hivyo. Tulifundishwa madrasa."

"Ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Miaka minne, Fundi! Miaka minne umekaa kimya!"

"Ningesema nini? Ya kwako ilikuwa tamu kuliko ya wenyewe."

"Toka mbele yangu na utamu wako."

"Nitoke niende wapi, mama, nyumba ni yangu."

Siku nyingine tungecheka.

Dokta alimfuata dada hadi kwenye kiti chake, akamwambia mambo mawili kwa upole. La kwanza, kwamba yeye mwenyewe Kihindi amejifunza darasani. Bibi yake alisema Kitamil, na kila Jumapili kule Durban familia nzima ilikwenda kutazama filamu za Kihindi ambazo hawakuzielewa, wakalia, wakaamini wanatazama kwao. La pili lilikuwa zito. Angempa dada filamu ya kwanza, Jumamosi ya tarehe ishirini Julai, mbele ya kamati. Akifasiri sawasawa, zote sita ni zake na jina lake litachapishwa kwenye bango. Akikosea, anachukua yule mwenye shahada.

Lazima nieleze bango lile lilikuwa nini kwake. Dada aliishia darasa la sita. Jina lake halikuwahi kuchapishwa popote isipokuwa kwenye karatasi za ukimbizi, na hata huko walilikosea. Watu walimwita mama wa filamu, kama mtu anavyoitwa mama wa maandazi. Yeye alitaka kuitwa mfasiri, na aitwe hivyo na watu wanaojua maana ya neno hilo.

Jumamosi mbili hakuonyesha filamu. Alikaa chumbani na aibu yake. Mimi nilimwambia aachane nayo. Mungu anisamehe, nilimwambia, "Dada, watu wa chuo si wenzetu. Ukianguka kule utaanguka mbele ya kila mtu."

Aliinyooshea kidole Biblia yangu. "Wewe kila Jumapili unasimama unasoma Biblia. Iliandikwa kwa Kiswahili?"

"Hapana."

"Waliofasiri hawakukosea hata mahali pamoja?"

"Walikosea. Wakarudia, wakasahihisha."

"Basi niache nirudie."

Akarudia. Aliitazama filamu ya Dokta mara kumi na moja, Emery akiwa ameshika kamusi. Kila neno aliloliokota jikoni alilipeleka likapimwe. Mengi yalikuwa sawa. Aliniambia, "Yule mama alinifundisha vizuri, Placide. Ni hilo moja tu." Lakini hilo moja ndilo lililokuwa neno la mwisho la filamu yenyewe.

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa wanafunzi, wahadhiri, na watu wetu wa La Rochelle waliokaa safu za nyuma, Bakiri amevaa suti aliyojishonea. Kamati ilikaa mbele kabisa. Dada alisimama pembeni ya kitambaa cheupe, kipaza sauti mkononi, na nilimwona akifunga macho. Nami nikasali.

Filamu ilikuwa ya zamani, nyeusi na nyeupe. Inahusu stesheni ndogo ya reli mwaka 1947. Mkuu wa stesheni ni mzee Mhindu, mpiga kengele ni Mwislamu wa rika lake, na kutwa nzima wanatukanana. Treni ikichelewa, mmoja anasema ni miungu ya mwenzake haina saa, mwingine anajibu kwamba saa ipo ila mkuu wa stesheni hajui kuisoma. Kisha mpaka mpya unatangazwa kwenye redio. Asubuhi yake wanasalimiana kwa adabu, "Habari za asubuhi, bwana," na dada alilisema neno "bwana" kwa ubaridi kiasi kwamba mwanamke mbele yangu alijifunika khanga vizuri.

Baadaye watu wenye mapanga wanasimamisha treni, wanapita behewa kwa behewa. "Sema sala yako," dada alifasiri. "Sema haraka." Mtu wa safu za nyuma akasema kwa sauti ya chini, "Indololwane." Hakuna aliyegeuka. Wanafunzi wa mbele waliozaliwa jijini humu wakainamisha vichwa.

Mkuu wa stesheni anamficha rafiki yake, anakimbia kugeuza njia ya reli ili treni inayofuata ipite salama, na watu wa dini yake mwenyewe wanampiga risasi. Anaanguka. Analitaja neno.

"Nchi yangu," dada alisema. "Nakufa kwa ajili yako."

Dokta alitikisa kichwa kukubali. Mjumbe mmoja wa kamati akaandika kitu. Nyuma hakuna aliyedai viatu. Nikashusha pumzi, nikasema moyoni, amepita. Zilibaki dakika chache tu.

Ndipo dada alipoinua mkono na kumwomba mwendesha mtambo asimamishe filamu.

Nilitamani sakafu inimeze. Alikuwa ameshashinda!

"Nimefasiri sawasawa," alisema, Emery akimfuata kwa Kiingereza. "Neno ni watan, na maana yake ni nchi. Lakini wale kule nyuma niliwafundisha vibaya miaka minne, na kosa langu walisikie kutoka kwangu. Niliwaambia watan ni watani. Nilikosea. Mnisamehe."

Akawaeleza wa mbele watani ni watu gani, jinsi wanavyotukanana na jinsi wanavyozikana. Kisha akageukia picha iliyosimama kwenye kitambaa.

"Sasa nauliza. Aliyetengeneza filamu hii ametuonyesha nchi wapi? Hatukuona bendera, hatukuona rais. Saa nzima ametuonyesha wazee wawili wanatukanana. Mtu mkubwa akachora mstari kwenye karatasi, na kesho yake wazee wale wakaogopa kutaniana. Mimi nchi ile nimeiona ikikatika pale, penye 'habari za asubuhi, bwana'. Mapanga yalikuja baadaye. Mnaotoka Burundi mnajua. Mnaotoka Kivu mnajua."

Profesa mmoja mwembamba wa kamati akanyoosha mkono. "Mama, unatuambia kosa lako ni sahihi?"

"Hapana, baba. Kosa ni kosa. Ukinisahihishia mtihani nipe sifuri. Nasema tu kwamba nililiingilia neno kwa mlango wa nyuma, nikamkuta mwenye filamu amekaa huko jikoni."

Ukumbi ukacheka, na profesa akacheka pia. Bakiri hakuweza kujizuia. "Mama Belyse! Mbona Mwislamu bado mzima? Filamu ya nani hii?"

"Fundi, kaa chini. Kuna dakika tano, huenda wakamkumbuka."

Filamu ikaendelea, nami nikaelewa kwa nini aliisimamisha pale. Mpiga kengele anatoka mafichoni, anasimama juu ya maiti ya rafiki yake. Halii. Anaanza kumtukana. "Mjinga wewe," dada alifasiri, "amka. Treni imechelewa tena, na leo huwezi kusingizia miungu yangu." Anamtukana huku anamfunga kitambaa usoni, anamtukana huku anamnyoosha miguu, kisha anachukua koleo.

Tulicheka na kulia kwa pamoja, ukumbi mzima, mbele na nyuma. Orpha alikuwa amesimama juu ya kiti. Watu wetu walipiga kelele, "Mzike! Mzike mtani wako!" na wanafunzi wasiojua hata neno moja la Kiswahili wakaitikia "Mtani! Mtani!" bila kuambiwa na mtu. Taa zilipowaka, watu walikuwa wamesimama wanapiga makofi, na makofi hayo yalikuwa ya dada yangu aliyeishia darasa la sita. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, kama niko ibadani.

Dokta alikuja macho yakiwa mekundu. Alisema amefundisha filamu ile miaka tisa, na kila mwaka wanafunzi humuuliza kwa nini rafiki anamtukana maiti. Yeye huwajibu kwamba ni huzuni imemchanganya akili. "Tisa," alirudia. "Miaka tisa nimewajibu vibaya."

"Basi na wewe rudia," dada alimwambia, wakakumbatiana.

Kamati haikukaa hata nusu saa. Filamu zote sita zilikuwa zake. Alizifasiri moja kila mwezi hadi Desemba, miezi miwili ya mwisho akiwa amekaa kwenye kiti kwa sababu ya figo, na kila mara kabla ya filamu walimpa robo saa aeleze mwaka, kaptula na maskini. Wahadhiri walikuwa wakiandika.

Bango lilitoka Agosti. Tulikwenda kulichukua naye. Chini ya picha, kwa herufi nyeusi zilizonyooka, kulikuwa na maneno matatu ya Kiswahili na jina: Mfasiri wa Kiswahili, Léocadie Ndayisenga. Hawakukosea hata herufi moja. Nilitaka kulikunja lisichafuke kwenye basi, akanizuia.

"Usilikunje."

"Dada, kuna upepo."

"Ushike upande wako, nami nishike wangu."

Tukashuka na barabara hivyo, tumelitandaza kati yetu kama watu wanaobeba kioo. Penye roboti, kama taa za barabarani zinavyoitwa huku, ilikuwa nyekundu kwa magari, tungeweza kuvuka, lakini dada alisimama. Mwanamume mmoja ndani ya gari aliteremsha dirisha akasoma, midomo ikicheza. Mama muuza mahindi alisogea akauliza picha ni ya nani. "Ya Wahindi," dada akamjibu. "Jina ndilo langu." Nilimwambia taa itabadilika, twende.

"Tembea polepole, Placide," alisema. "Bado hawajamaliza kusoma."